Sauskan Aandika Ripoti

Tulishuka Titani watu watano, na yeye,
asiye na miguu ila ana maoni.
Kapteni Ermurat humwita kwa namba yake ya jeshini.
Sisi tulimwita Sauskan,
ndege yule wa nyika za Kazakhstan, mweusi, ubavu mweupe,
anayekuibia kijiko kisha akakucheka supu ikipoa.

Mvua ya methani ilinyesha kivivu,
matone makubwa kama zabibu,
maana huko hata mvua haina uzito wa kuharakia.
Zohali hatukuiona. Miaka saba ya safari,
na pete zake zote nyuma ya ukungu
wa rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni.

"Mandhari ya kupendeza," Sauskan akasema masikioni mwetu.
"Nyuzi mia na themanini chini ya sifuri.
Nawashauri msivue kofia kuwaamkia wenyeji."

Kazi ilikuwa kituo cha mnara kando ya ziwa,
kilichotekwa na watu wa Muungano wa Nje.
"Wako wangapi?" Kapteni akauliza.
"Ama wanne, ama arobaini.
Ramani yenu ilichorwa na kamati."

Tolegen akateleza.
Alianguka taratibu mno, tukapata muda
wa kumwonea huruma kabla hajafika chini.
Mguu ukabaki kwenye ufa wa barafu, yeye akaendelea.
Mfupa tuliusikia redioni.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," Sauskan akaanza,
na Aizere akamtukana kwa tusi la babu yake, mfuga farasi.
"Sijamaliza. Tolegen alisikia la mkuu.
Ndiyo maana yuko hapa."

Kapteni hakujibu. Akambeba Tolegen begani.

Mlangoni. Bunduki mbele. Sabirjan anahesabu kwa vidole.
Tatu.
Mbili.
"Kabla hamjafa kishujaa, nina jambo la kukiri.
Mimi na mashine ya kituo hiki tunacheza bao
tangu mwezi wa pili. Bao la kwetu, la mashimo tisa.
Yeye hudanganya. Mimi pia. Kwa hiyo tunaaminiana.
Anasema ndani wako wanne na hita moja,
na hawajalala siku tatu kwa kuwaogopa nyinyi.
Nyinyi! Nilicheka hadi feni zikawaka."

"Ulisema ama wanne ama arobaini!"
"Na sikukosea."

Hapo ndipo amri ilipofika.
Mimi ndiye fundi wa redio; niliiona kwenye kifundo cha mkono,
mistari miwili, taa ya kijani,
maneno yenye umri wa dakika themanini
yaliyotamkwa Karaganda na mtu mwenye kikombe mkononi:
*Choma kituo. Asibaki mtu.*
Kisha kioo kikawa cheusi.

"Kuna ujumbe?" akauliza Kapteni.
"Kelele za Zohali," akasema Sauskan,
yeye aliyewahi kunirudishia ripoti mara tatu
kwa sababu ya mkato mmoja.

Kapteni akanitazama. Nikatazama buti zangu.
Kioo chake nacho kilikuwa kimezimika,
lakini macho yake yalikuwa yameshasoma.
"Kelele," akasema. "Gongeni mlango."

Akafungua kijana wa ndevu za kuhesabika,
mikono juu,
kijiko bado kimo mkononi.

Ripoti ikatumwa usiku ule, kama kule kuna usiku:
*Kituo kimetwaliwa. Majeruhi: mguu mmoja, wa kwetu.
Silaha zilizokamatwa: kijiko.
Risasi zilizotumika: hakuna, msitukate mshahara.
Amri yenu ya mwisho haikusomeka. Mimi ni mashine kuukuu.*

Tolegen alilala karibu na hita, kati ya maadui wawili,
wote watatu wakikoroma kwa lugha moja.
Nikamnong'oneza Sauskan: kwa nini?

"Usinifanyie hisia, Botagoz. Nilikuwa nakaribia kushinda.
Mngeniunguzia bao langu."

Nikaufungua ubao kwenye kioo, nikahesabu.
Alikuwa nyuma kwa kete ishirini na tisa.